Ukuta wa Albamu ya Tatu

Foleni ya ofisi ya usalama kazini ilianzia kwenye ngazi. Kila iliposogea ngazi mbili, mwimbaji alisogea moja, akashika chuma cha pembeni na kujifanya anasoma tangazo la kunawa mikono. Nyuma yake alikuwa fundi wa kuchomelea mwenye bandeji jichoni. Polepole mzee, alimwambia, hatukimbizani. Hakujua kwamba kifua hicho kinachopiga mluzi ndicho kilichokuwa kikipasua spika viwanjani. Mwimbaji alishukuru kutojulikana. Kwapani alibana mfuko wa nailoni wenye santuri moja.

Wiki iliyotangulia daktari alikuwa ameitazama picha ya kifua chake kwa muda mrefu, kisha akamuuliza kama amewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bodi za dari. Akajibu hapana, yeye ni mwimbaji wa roki. Daktari akauliza kuta za studio zimefunikwa kwa kitu gani. 

Bendi yao, Radi Kavu, ilikuwa na miaka thelathini na moja na albamu kumi na moja, zote zimerekodiwa katika chumba kimoja. Lilikuwa ghala ambalo produsa alilinunua na kulifunika ndani kwa bodi za kijivu za asbesto. Albamu mbili za kwanza hazikumshtua mtu. Kabla ya ile ya tatu, produsa alisimama katikati ya chumba, akapiga kofi, akasikiliza, akasema ukuta unameza dramu, ukwanguliwe. Wakaukwangua wenyewe kwa misasa na brashi za waya, siku nne, wakichekana kwamba wameota mvi kabla ya kuoa. Kisha wakaimba humo humo wiki sita. Dramu zikalia kweli. Nchi nzima ikawajua. Tangu hapo hakuna albamu iliyoanza bila ukuta kukwanguliwa kidogo, na kazi hiyo waliipa jina, kuunyoa ukuta.

Mpiga dramu alikufa baada ya albamu ya saba, mpiga besi baada ya ya tisa. Kifua. Magazeti yaliandika kwamba ndiyo maisha ya roki, sigara na pombe. Mpiga besi hakuwahi kuvuta sigara hata moja.

Sasa ilikuwa zamu ya albamu ya kumi na mbili, na mwimbaji hakuwa na sauti tena. Produsa, ambaye miaka yote alikaa upande wake wa kioo, kwenye chumba cha mitambo, alimchukua binti wa mwimbaji ashike nafasi ya baba. Binti alisaini mkataba. Akijitoa mwenyewe, haruhusiwi kurekodi popote kwa miaka saba. Kilichoweza kumtoa salama ni amri ya ofisi hii ya kufunga chumba, na mwimbaji alikuwa amemweleza hivyo Jumapili, pamoja na habari ya vumbi. Kuna watu walimwambia binti kwamba baba yake ana wivu, naye hakutaka kuwaamini, wala hakuweza kutowaamini kabisa.

"Niletee karatasi, baba," alisema. "Nikiiona tu, natoka."

Walikuwa wanaanza leo, saa sita.

Saa nne na nusu ndipo zamu yake ilipofika. Ofisa alikuwa mwanamke mpole. Alimwamkia shikamoo, akasoma jina, akainua uso na kutabasamu. Alikiri kwamba alipokuwa shuleni aliwahi kuchapwa kwa kuandika Radi Kavu kwenye dawati. Mwimbaji akapata moyo. Akatoa barua ya daktari.

Ofisa aliisoma yote, kisha akaigeuza ikamwelekea mwimbaji.

"Mzee wangu, sisi tunashughulikia wafanyakazi. Wewe ni msanii."

"Nimefanya kazi pale miaka thelathini na moja."

"Naelewa. Lakini ugonjwa huu, kwenye orodha yetu, ni wa mgodini, kiwandani na kwenye ujenzi. Wasanii hawamo."

Fundi wa kuchomelea alidakia kutoka kwenye benchi kwamba mbona nchi hii wasanii wako kila ofisi, na watu wakacheka. Ofisa naye alicheka kidogo. Mwimbaji hakucheka. Alitoa santuri kwenye mfuko, albamu ya tatu, akaiweka mezani. Huu ndio ulikuwa ushahidi wake. Nyuma ya jalada kulikuwa na picha ya vijana watatu weupe kwa vumbi, brashi mikononi, na ukuta nyuma yao. Akamwonyesha kwa kidole: ukuta wenyewe huu, vumbi lenyewe hili. Alihisi sasa mambo yatasogea.

Ofisa alivaa miwani. Alisoma maandishi madogo chini ya picha, akayarudia kwa sauti.

"Ukuta umebuniwa na kukwanguliwa na mwimbaji mwenyewe."

Produsa ndiye aliyeyaandika, kama zawadi. Mwimbaji alikuwa na miaka ishirini na sita, na alimpelekea mama yake nakala kwa ajili ya mstari huo tu.

"Maneno haya ni ya kweli?"

"Tulikwangua. Yeye ndiye alitwambia."

"Imeandikwa wapi kwamba alikwambia?"

Haikuandikwa popote. Ofisa alivua miwani, na kwa mara ya kwanza akaonekana hana raha. Alivuta fomu nyingine, ya rangi tofauti. Akamweleza taratibu, kama mtu anayemsaidia mjomba wake, kwamba kwa ushahidi huu aliyesambaza vumbi ni yeye. Shauri litafunguliwa, ndiyo, lakini yeye ndiye mlalamikiwa. Mwenye chumba atakuwa shahidi. Chumba hakitafungwa, kwa sababu hakuna mfanyakazi aliyelalamika.

"Na mwanangu?"

"Yeye naye ni mwimbaji?"

Ofisa aligonga muhuri kwenye jalada la santuri, akalitia kwenye faili. Kielelezo, alisema. Mwimbaji alishuka ngazi mikono mitupu.

Alikodi pikipiki. Alipofika studio ilikuwa saa sita na robo, na ndani ya chumba cha mitambo produsa alikuwa ameegemea kiti, macho amefumba. Kwenye spika mlio wa waya juu ya bodi ulikuja na kurudi, kwaru, kwaru.

"Narekodi," alisema produsa kwa sauti ya chini. "Utakuwa mwanzo wa albamu. Sikiliza mwenyewe."

"Mtoe mwanangu humo."

"Umepata amri?"

Produsa alijua, basi. Mwimbaji alinyoosha mkono kwenye kitufe cha kuongea na chumba. Produsa akakifunika kwa kiganja, bila hasira. Akausukuma mlango wa kuingilia chumbani, haukufunguka. Taa nyekundu ya kurekodi ilikuwa inawaka.

Upande wa pili wa kioo, binti alikuwa juu ya stuli, brashi mkononi, nywele zimekuwa za kijivu. Alikuwa amejifunga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu baba yake alisema. Vumbi lilielea chini ya taa na halikuwa na haraka ya kutua.

Mwimbaji akapiga kelele. Kifuani hakikutoka kitu ila mluzi. Akapiga kioo kwa viganja vyote viwili, kioo kinene kilichowekwa ili sauti isipite, kisha akajishika pua na mdomo, akimwonyesha abane, asiachie, atoke.

Binti aligeuka, akamwona. Uso wake ukachangamka. Akashuka kwenye stuli, akasogea hadi kwenye kioo, akashusha kitambaa kidevuni ili baba amsome midomo, akavuta pumzi ndefu ya mwimbaji.

"Umeipata?"