Swichi ya Siri

Mimi sina subira na wateja wanaotaka gari kuukuu lilindwe kama benki. Huyu mshonaji alikuwa amekuja karakanani kwangu mara ya tatu. Kwanza nilimfungia king'ora, kisha akataka chuma cha kufungia usukani. Sasa asubuhi asubuhi kasimama tena mlangoni, jasho linamtoka.

"Dada, hilo gari hata mwizi ukimpa bure atakudai nauli," nikamtania.

Hakucheka.

"Fundi, linatoka kila mchana. Ufunguo ninao mimi, chuma kipo kwenye usukani, king'ora hakilii. Nikienda kumchukua mtoto shuleni naambiwa ameshachukuliwa. Nikirudi mbio nyumbani namkuta kibarazani anakula biskuti. Ananiambia kaletwa na baba."

Baba mwenyewe tulishamzika. Nilikuwepo, koleo nilishika kwa mikono yangu hii. Lakini mdomo wangu haujui kunyamaza.

"Watoto nao kwa kutunga! Ndoto hizo, dada."

"Na kiti cha dereva? Mimi mfupi, unaniona. Kila siku nakikuta kimesukumwa nyuma kabisa. Mwanzoni nilifurahi, nisikudanganye. Nikasema walau anatukumbuka. Lakini sasa wanazidi kuchelewa. Jana mtoto kafika na udongo wa makaburini kwenye viatu. Siku moja hatamrudisha, fundi. Na mimi ninaye huyo huyo mmoja."

"Basi liuze."

"Nimuuzie nani balaa hili?"

Nikaacha utani. Nilimfungia kifaa cha kufuatilia gari kwenye simu, kile ambacho ukikitumia ujumbe kinazima injini. Halafu nikakata waya wa pampu ya mafuta na kuupitisha kwenye swichi ya siri. Bila kuiwasha swichi hiyo, gari haliendi popote.

Sisi mafundi wa umeme tuna desturi yetu. Mahali ilipo swichi huonyeshwa mwenye gari peke yake, ndani ya gari, vioo vimepandishwa, hata fundi wa jirani asisikie. Basi tukaingia, tukapandisha vioo. Nikauchukua mkono wake nikaupeleka chini ya zulia, upande wa mlango.

"Ni hapa. Ukishuka tu, zima. Asijue mtu mwingine."

Kiti cha nyuma kikalia, kama kimekaliwa na mtu mzito anayeinama mbele ili aone vizuri. Nikasema springi zimechoka. Mjinga mkubwa mimi!

Mchana akaja mbio, kwa miguu, kitambaa cha kichwa kimemdondokea mabegani.

"Limeondoka! Swichi niliizima mwenyewe! Na shuleni mtoto hayupo!"

Hapo ndipo nilipoelewa.

"Dada, mumeo tulimwambia wenyewe," nikasema. "Tulijifungia naye humo ndani tukamwonyesha."

Tukafungua simu yake. Kidoti cha gari kwenye ramani kilikuwa kimeshaipita nyumba yao, kimeshika barabara ya makaburini. Nikamnyang'anya simu nikatuma ule ujumbe wa kuzima injini. Kidoti kikaenda kidogo, kikasimama.

Tulipanda pikipiki yangu. Tulilikuta gari pembeni mwa barabara, chuma bado kimefungwa kwenye usukani. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, kimerudishwa nyuma kabisa. Mtoto alikaa pembeni yake, mkanda umefungwa vizuri, begi la shule mapajani. Mama akamchomoa akamkumbatia, analia huku anacheka. Nami nilivimba kichwa, lazima niseme. Nilijiona nimemshinda aliyekufa.

Mtoto akampangusa mama yake machozi kwa kiganja.

"Usilie, mama. Baba kasema si neno gari likizimika. Kesho tutaenda kwa miguu."