Tope la kwa Phelista

Alfajiri hiyo ya Agosti, Eliakim alitangulia mbele ya wanaume waliokuwa wakiimba, wakimpeleka mwanawe Derrick bondeni akapakwe tope kabla ya kutahiriwa. Mvulana hakuwa na nguo. Babu yake alipakwa pale pale, na desturi ya ukoo haikumruhusu arudi nyumbani bila tope.

Mjomba aliyekuja kumpaka alipiga jembe. Vumbi likatoka.

Wimbo ukakatika.

"Eliakim, tumpake kabichi?" mtu akauliza. Wengine wakacheka.

Eliakim mwenyewe ndiye aliyechimba mitaro ya kukausha bonde, akapanda kabichi zilizosifiwa soko lote la Sirisia. Aliamini chini ya mtaro tope halikosekani.

"Tulete maji kwa mtungi, tukoroge," akajaribu.

"Tope si ugali, bana," mjomba akasema. "Halipikwi."

Kando ya kabichi kulibaki kipande kimoja chenye matete. Kilikuwa cha Phelista, mjane wa kaka yake, aliyekataa kuchimbiwa mtaro. Alipanda nduma, zao la majimaji, na kukata matete ya mikeka. Eliakim alikuwa amekiita shamba la vyura, mbele ya watu, nje ya kanisa.

Akapanda hadi mlangoni kwa Phelista. Nyuma yake Derrick alikaza taya ili kutetemeka kwake kusionekane.

"Shemeji."

"Nani huyo? Si leo mko na sherehe?"

"Tunaomba tope."

Alingoja amcheke. Angependa amcheke.

"Ati unaomba? Mtoto amesimama kwa baridi na wewe unaomba? Enda mchukue. Pale kwa nduma ni laini, hakuna mawe."

Derrick alipakwa. Alipotahiriwa hakupepesa jicho, na Phelista akapiga vigelegele kuliko wote.

"Umezaa mwanaume!" watu walimwambia Eliakim, wakimshika mkono. Aliitikia akiangalia viatu vyake.

Watu walipokuwa bado wanakula, alishuka bondeni peke yake, akaanza kurudisha udongo mtaroni. Mkewe Nasambu akamfuata mbio.

"Baba Derrick! Kabichi zitaoza!"

"Zioze."

Baadaye alisikia hatua nyingine upande wa matete. Phelista alikuwa akija, jembe begani. Eliakim hakuinua uso. Alisogea tu kidogo, akamwachia nafasi.