Mama Recho na Mama Nadège

Asubuhi ya siku ya mwisho ya ziara, Valeria aliamka kabla ya wanakwaya wenzake, akakaa kitandani katika nyumba ya wageni ya parokia, akamtazama Recho aliyekuwa bado amelala kitanda cha pili. Tangu walipotoka Kasulu alikuwa akiiogopa asubuhi hiyo.

Ilikuwa Agosti 2013. Kwaya yao ilikuwa imeteremka mwambao wote wa ziwa upande wa Burundi, kutoka Bujumbura hadi Rumonge, ikiimba parokia moja baada ya nyingine. Sasa walikuwa Nyanza-Lac, kituo cha mwisho kabla ya kupanda milima kurudi nyumbani. Wenzake walikuwa wameifurahia safari. Walipiga picha mchangani, walikula mukeke, samaki yuleyule ambaye kwao huitwa mgebuka, wakabishana kama wa upande huu ni mtamu zaidi. Valeria alikula tu ili wasimuulize kulikoni. Nyanza-Lac ndiko alikokuwa akiishi mwanamke aliyemzaa Recho.

Miaka kumi na saba nyuma mwanamke huyo, Godeliva, alikuwa mkimbizi katika kambi iliyokuwa karibu na kijiji cha Valeria. Alikuwa akija kulima kibarua huku amebeba mtoto mgongoni. Siku moja alisikia kwamba mumewe yu hai huko Burundi, akamwachia Valeria mtoto, akasema anakwenda kumtafuta na atarudi baada ya mwezi. Hakurudi. Vita vilikuwa vimepamba moto, na watu walisema wengi waliovuka msimu ule waliuawa njiani. Valeria na mumewe, Venanti, walikuwa hawajajaliwa mtoto. Wakamlea, wakambatiza Recho, wakamsomesha hadi kidato cha nne. Kijiji kizima kikamwita Valeria Mama Recho, na mwenyewe akakaribia kusahau kwamba aliwahi kuitwa jina jingine.

Kisha kambi ikafungwa, wakimbizi wakarudishwa kwao, na mmoja wao, mzee Reverien, alipofika Nyanza-Lac akamkuta Godeliva akikausha dagaa. Akamwambia mtoto wake, aliyemdhania amekufa, hakufa. Anaishi, ni msichana mkubwa, na anaimba kanisani. Mwezi Machi simu ya Venanti ikaita, na sauti ya mwanamke ikaomba kuongea na Nadège, jina alilokuwa nalo Recho kabla ya kubatizwa.

"Hakuna Nadège hapa," Valeria alijibu, akakata simu. Iliita tena, na safari hiyo Recho ndiye aliyeipokea.

Sasa, baada ya misa ya asubuhi ile Nyanza-Lac, Godeliva alikuwa amesimama chini ya ngazi za kanisa. Valeria alimjua papo hapo, na hilo lilimuudhi, maana alikuwa ametumaini kumkuta amezeeka na kuchakaa. Hakuwa amechakaa. Alichechemea kidogo mguu wa kushoto, lakini alisimama wima, amejifunga kitenge kizuri, na alipocheka kwa hofu yale mashavu yalijikunja mahali palepale yanapojikunja mashavu ya Recho.

"Nadège," aliita.

Recho aligeuka. Valeria aliona jinsi alivyogeuka bila kusita, kama aliyezoea kuitwa hivyo.

"Mawe," msichana alisema.

Hilo ndilo neno ambalo bibi yake Valeria alikuwa akilitumia kumwitia mamaye, neno la Kiha cha wazee. Valeria mwenyewe siku zote alikuwa anaitwa mama, kama walimu wanavyofundisha shuleni. Hakuwahi kulitamani neno la zamani hadi aliposikia likipewa mtu mwingine.

Walishikana, wakalia, na wanakwaya nao wakatoa leso. Aneth, aliyekuwa akiimba sauti ya kwanza na ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alimgusa Valeria bega.

"Mama Recho, kumbe huyu ndiye mama yake Recho."

Valeria alitabasamu, kwa kuwa macho mengi yalikuwa juu yake. Godeliva akamjia, akamshika mikono yote miwili juu ya viwiko kama wanavyosalimiana watu wa kule, akamwinamia.

"Urakoze, dada. Umenilelea."

Lilikuwa neno la shukrani, lakini lilimchoma. Umenilelea. Kama kwamba miaka yote ile alikuwa yaya, ameajiriwa na mtu aliyesafiri, na sasa mwenye mtoto amerudi.

"Nimemlea," alijibu. Godeliva hakuiona tofauti, au alijifanya hakuiona.

Ratiba ilikuwa wapumzike ufukweni hadi alasiri, ndipo basi lipande milima kwenda mpakani Mugina na kuvukia Manyovu. Wanaume waliingia majini wamekunja suruali. Akina mama walikaa kivulini mwa mitumbwi iliyovutwa mchangani. Valeria alikaa nao, akiwatazama Recho na Godeliva wakitembea ukingoni mwa maji. Recho alifungua mkoba wake mdogo, akatoa kitenge cha buluu alichonunua Rumonge. Valeria alikiona kikinunuliwa. Alimwona akikipima urefu na kuuliza bei mara mbili, akanyamaza makusudi asije akaharibu zawadi aliyodhani ni yake. Sasa Godeliva alijitanda mabegani, na Recho akarudi nyuma hatua chache amtazame alivyopendeza.

Baadaye wakaketi. Godeliva alikaa juu ya ubao wa mtumbwi, Recho mchangani katikati ya magoti yake, kichwa kimeelekea ziwani. Mwanzoni Valeria hakuelewa wanafanya nini. Kisha akaona zile nywele. Siku mbili kabla ya safari alikuwa amemsuka Recho mwenyewe, nyumbani, kuanzia asubuhi hadi vidole vikafa ganzi, ili mtoto aende ugenini akiwa nadhifu. Godeliva alikuwa akizifumua. Alifumua msuko mmoja, akapitisha vidole kwenye ngozi ya kichwa polepole, akahamia mwingine, na Recho alikuwa amefumba macho.

Valeria aliinuka.  Alimfuata Mwalimu Bazilio, kiongozi wa kwaya, mtu wa Singida aliyekuwa amepangiwa kazi Kasulu na ambaye hakuijua njia ile.

"Mwalimu, nimesikia kwa wauza samaki kwamba mpaka unafungwa mapema leo. Tukichelewa tutalala barabarani."

"Nani amesema?"

"Wanasema wote. Kuna mkubwa anapita."

Mwalimu Bazilio aliogopa sana kulala barabarani na akina mama wa watu. Alimpigia kelele dereva, Obedi, na Obedi akapiga honi. Watu wakakusanya viatu. Recho alikuja anakimbia, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine nywele zimesimama. Godeliva alimfuata akichechemea, chanuo mkononi, akiuliza kwa Kirundi kulikoni, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjibu. Alibaki amesimama barabarani. Basi lilipokata kona Valeria aligeuka, akamwona bado yupo, na kwa muda mfupi alijisikia vizuri.

Hali ile haikufika mbali. Recho alifunika kichwa kwa kanga, akaegemea dirisha, akalia bila sauti kupita Mabanda na milima yote. Valeria alimpa maji, akayakataa. Alimpa ndizi, akaikataa.

Mugina walikuta geti liko wazi na ofisa wa uhamiaji anakunywa chai.

"Mbona mna haraka hivi?" aliuliza.

"Tumeambiwa mnafunga mapema," Mwalimu Bazilio alisema.

"Tunafunga jioni, kama siku zote. Amewaambia nani?"

Mwalimu alimtazama Valeria, kisha akatazama chini.  Aneth alikuwa amekwisha fungua kinywa. Recho alitoka kwenye foleni, akamshika Valeria mkono, akampeleka nyuma ya basi.

"Mama, ni wewe?"

Valeria angeweza kukana. Wauza samaki walikuwa mbali.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anafumua nywele zako."

Recho alimtazama kama mtu anayesubiri sentensi iishe. Haikuwa na mwisho mwingine.

"Nilimwomba mimi," alisema. "Simkumbuki, mama. Sura yake siikumbuki, sauti siikumbuki. Nilitaka anishike kichwa nione kama nitakumbuka chochote."

"Ukakumbuka?"

"Bado. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Begi langu lilikuwa kwenye basi tangu asubuhi. Ulifikiri nabaki?"

 Valeria alitazama magari madogo yaliyokuwa yakipakia abiria wa kurudi Nyanza-Lac. Lililo karibu zaidi lilikuwa na nafasi, na ndani yake alikaa mama mmoja mwenye mtoto na kapu la maembe. Valeria alimwendea, akamsalimia kwa Kiha, akamwomba amwangalie binti yake hadi kwa Godeliva, yule anayechechemea, anayekausha dagaa karibu na kanisa. Mama yule alisema anamfahamu. Hati ya Recho ilikuwa haijagongwa muhuri wa kutoka. Hakukuwa na kizuizi chochote, na Valeria alikuwa amekitafuta.

"Nenda," alisema. "Utarudi ukimaliza."

Recho alimkumbatia haraka, akaingia garini kabla Valeria hajabadilisha mawazo. Valeria hakupunga mkono. Alivuka kwa miguu hadi upande wa Manyovu, akapanda basi, na kwaya ikaanza kuimba wakiteremka kuelekea Buhigwe. Nyumbani Venanti alimuuliza Recho yuko wapi.

"Amebaki kwa mama yake," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo, akajilaza bila kula.

Siku zile alikuwa hashikiki. Aligombana na jirani kwa sababu ya mbuzi, akamnunia Venanti kwa sababu ya kutopiga simu, na alipopiga akamnunia kwa kuwa alicheka sana na Recho kwenye simu.

Juma lililofuata, adhuhuri moja, alikuwa akianika muhogo juu ya jiwe mbele ya nyumba alipoona watu wawili wakipandisha njia. Mmoja alikuwa Recho. Wa pili alichechemea, na Recho alikuwa amepunguza mwendo walingane. Valeria aliendelea kupanga muhogo kipande kwa kipande, hata vilivyokuwa vimekaa vizuri, hadi walipofika uani.

"Mama, nimekuja na mgeni."

Godeliva alisimama pembeni mwa ua, hakusogea. Valeria alipangusa mikono, ndipo akamwambia akaribie.

Mgeni hakutaka soda wala kupumzika. Aliomba kuonyeshwa mahali mtoto alipolala. Valeria alimpeleka chumbani, akamwonyesha pembe ya kitanda chake mwenyewe. Godeliva aliigusa. Kisha akaanza kuuliza: alianza kutembea lini? Surua aliipataje? Alilia kwa muda gani baada ya yeye kuondoka? Valeria alijibu lile la surua kwa kirefu, na kadiri alivyozidi kusema ndivyo alivyoona uso wa mwenzake ukikaza. Aliitambua hali ile. Alikuwa ameibeba mwenyewe kutoka Nyanza-Lac.

"Nakuonea wivu, dada," Godeliva alisema taratibu. "Nakuonea wivu hadi nashindwa kukushukuru vizuri."

"Na mimi hivyo hivyo," Valeria alisema.

Hawakukumbatiana. Walitoka nje, Godeliva akachukua kisu bila kuambiwa, wakaketi kumenya muhogo uliobaki, huku Recho akisikika jikoni akimwimbia Venanti wimbo alioupata kule. Godeliva aliendelea kuuliza na Valeria akaendelea kumpa: jino la kwanza, siku ya kwanza ya shule, jinsi alivyomuogopa kuku mmoja mweusi.

"Na neno la kwanza?" Godeliva aliuliza. "Neno la kwanza alisema nini?"

Valeria alilikumbuka vizuri, na saa, na mahali alipokuwa amesimama alipoitwa mama. Alimenya muhogo mmoja hadi mwisho, akautumbukiza majini.

"Limenitoka," alisema. "Zamani sana."