Moyo Usiotaka Haraka

Nyumba ilikuwa kimya miezi minne, mpaka bibi akawa anakiaga kiti kila anapotoka. Alikuwa na miaka themanini na sita. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, na bintiye wa pekee alikuwa amelazwa hospitali, kifuani ana moyo wa kupandikizwa na kifaa kidogo cha kuongoza mapigo yake. Angeruhusiwa kurudi nyumbani siku mama yake atakapoonekana ana nguvu za kumtunza.

Basi bibi akajifua. Kila akimaliza sala ya asubuhi, aliinuka kitini mara kumi bila kushika popote, kisha akaenda mbio mbio mlangoni na kurudi, hadi jasho likamtoka.

Siku ya kupimwa nguvu zake hospitalini, binti akiwa kando, mwanamke wa mazoezi ya viungo alimwambia bibi ainuke mara tano. Bibi akainuka kama aliyechomwa sindano.

"He! Bibi, unaitaka kazi yangu?"

"Namtaka mwanangu. Kazi baki nayo."

"Haya, tembeeni wote wawili mpaka mlango ule."

Bibi akashika njia. Alifika, akamshukuru Mungu, akageuka. Binti alikuwa katikati ya korido, ameegemea ukuta, midomo imempauka.

"Mama, umeniacha," alisema, akijaribu kutabasamu.

Mwanamke wa mazoezi alimkalisha, akamshika mkono mpaka pumzi ikatulia.

"Bibi, moyo huu ulikatwa mishipa ya fahamu. Hausikii upesi kwamba miguu imeondoka. Kifaa ndicho kinachouongezea mwendo, tena kidogo kidogo. Anayetembea naye lazima aanze polepole, amsubiri."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilisema siku ya kwanza. Ulikuwa unanionyesha unavyochuchumaa."

Binti akaangua kicheko. Bibi hakucheka.

"Turudie. Sasa hivi."

"Leo amechoka, bibi yangu. Mwezi ujao."

Mwezi mzima tena! Alimkumbatia bintiye, akatoka peke yake.

Barabarani alipiga hatua tano, akasimama, akavuta pumzi taratibu. Hatua tano nyingine, akasimama tena. Muuza magazeti akamwonea huruma.

"Bibi, umepotea?"

"Sijapotea. Namsubiri binti yangu."

Muuza magazeti akachungulia nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Bibi akapiga hatua tano nyingine.