Turbo ya Shemeji

Mluzi wa pikapu ya Dorotea ulikuwa ukifika soko la dagaa la Mwaloni kabla ya pikapu yenyewe. Ulisikika tangu barabara ya Kirumba, mwembamba na mkali, na wachukuzi waliojiegemeza kwenye magunia ya dagaa wakainua vichwa.

"Mama Sabina, umenunua gari au treni?"

"Mie sikununua kitu. Nina shemeji mwenye akili."

Wakacheka, naye akacheka nao, akiwa na majivuno ambayo hakuona haja ya kuyaficha.

Shemeji huyo alikuwa Yeremia, fundi wa magari, mdogo wa marehemu mumewe. Siku ya kuondoa matanga, ukoo ulipokaa kuamua pikapu iende kwa nani, ni yeye peke yake aliyesimama. "Gari ni la watoto," alisema, "na watoto wako kwa mama yao." Dorotea aliyatunza maneno hayo kama mkulima anavyotunza mbegu mwaka wa njaa: hakuyagusa, ila alilala vizuri kwa kujua kwamba yapo.

Basi mwezi wa Aprili, pikapu ilipoanza kuhema kwenye ule mwinuko wa barabara ya Misungwi, hakutafuta fundi mwingine. Yeremia aliinamia injini, akasikiliza, akatikisa kichwa. Turbo, kile kifaa cha kuisukumia injini hewa, imechoka, alisema. Lakini madukani zimeingia nyingine, kubwa kuliko ile iliyokuja na gari, nazo huongeza nguvu hadi gari likajisahau. Akaifunga mwenyewe. Kisha akataka waijaribu siku hiyohiyo, kwenye mwinuko uleule, kwa magunia ishirini yaleyale ya kila safari.

"Wewe kaa mbele, shemeji, usije ukachafuka. Mimi na Kashindye tutapakia."

Kashindye, dereva, aliishika gia ya tatu kuanzia chini na hakuiachia mpaka juu. Pikapu ilipiga mluzi, na Dorotea akahisi kiti kikimsukuma mgongoni kama mkono wa mtu anayemtakia heri. Kiangazi chote alisafiri na mkono huo mgongoni.

Asubuhi moja ya Novemba, baada ya juma zima la mvua, pikapu ilifika katikati ya mwinuko ikasimama. Mluzi uliendelea, magurudumu hayakuendelea. Kashindye aliteremka haraka akaegesha jiwe nyuma ya tairi.

"Mama, leo tumepakia mangapi?"

"Ishirini. Kama siku zote."

"Basi ishirini ya leo yana watu ndani."

Dorotea hakucheka. Alishuka matopeni, akashika gunia moja kwa masikio yake mawili, akalitikisa. Lilikuwa zito na baridi: dagaa walioanikwa kati ya manyunyu mawili, wenye maji hadi mifupani. Mikono yake iliijua tofauti ya dagaa wa jua na dagaa wa mvua kwa miaka ishirini. Lakini Mwaloni safari huhesabiwa kwa gunia, hakuna anayeuliza kilo, na hesabu ya mdomo ilikuwa imeishinda elimu ya mikono. Magunia yaliyoilemea pikapu Aprili yalikuwa ya mvua. Na yale ya majaribio, akamuuliza dereva, yalikuwa yapi?

"Ya safu ya nyuma ya ghala, mama. Yale ya Februari, makavu kabisa," alisema Kashindye. "Mimi nilianza na ya mlangoni, yale mapya ya mvua. Fundi akaniambia niyaache."

Walishusha nusu ya mzigo, wakajikokota hadi Misungwi, kwenye gereji ya Agutu, binti wa kutoka Mara ambaye mafundi wenzake waliacha kumtania siku alipowazidi kwa kazi. Aliinua boneti, akachunguza, halafu akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Turbo hii ni kubwa, mama, lakini inasukuma hewa tu. Hewa bila dizeli ya kutosha ni upepo. Pampu ya dizeli haijaguswa. Nguvu ni zilezile, na kwenye mlima, mwendo ukiwa mdogo, pengine zimepungua."

"Na kelele?"

"Kelele ni zake kweli." Akaigusa turbo kwa kidole. "Ile ya zamani ilikuwa na tatizo gani?"

"Ilichoka."

"Uliiona?"

"Shemeji aliiona," alisema Dorotea.

Aliporudi mjini na pikapu, alimkuta Yeremia gerejini kwake, akinywa chai. Yeremia akampisha kiti kwa heshima. Dorotea hakukaa.

"Ile turbo ya zamani iko wapi?"

"Mbona umeikumbuka leo, shemeji? Vyuma chakavu hivyo."

"Ilikuwa nzima?"

"Kulikuwa na mteja amekwama, gari lake aina kama lako, kifaa hakipatikani mjini, nikamuuzia…"

"Ilikuwa nzima, Yeremia?"

Yeremia aliliona jina lake tupu, bila ushemeji, likimfikia. Akaweka kikombe chini.

"Ilikuwa nzima."

Kwa mbali ziwa lilipiga miamba, likarudi, likapiga tena.

"Lakini ulifurahi," alisema Yeremia kwa upole, karibu kama mtu anayedai haki yake. "Miezi sita ulifurahi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia watu."

Hilo ndilo lililomchoma Dorotea kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Hakuibiwa akiwa amelala. Alikuwa macho, akishangilia. Na kama shangwe ile ilikuwa ya magunia makavu, je, yale maneno aliyoyatunza yalikuwa ya nini?

"Siku ya kikao cha ukoo," aliuliza, "ulisimama kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya watoto, shemeji. Unaniulizaje swali hilo?"

Alijibu kwa sauti tulivu, yenye uhakika. Dorotea aliisikiliza, akaitambua: ndiyo iliyomwambia kuwa turbo imechoka. Huenda mwanamume huyu alikuwa na sauti moja tu, ya kweli na ya uongo pamoja, na Dorotea ndiye atakayeishi bila kupata njia ya kuzitenganisha.

"Fungua boneti."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kesho utanitafutia ile yangu popote ilipo. Leo nionyeshe kila kilichomo humu, na jina lake."

Yeremia alitii. Akaanza upande wa kushoto, akigusa kwa ncha ya spana: pampu, chujio, nozeli, mpira wa hewa. Dorotea aliinama karibu naye, mafuta yakimpaka kanga, akalirudia kila jina taratibu kama mtoto wa darasa la kwanza, bila kujua ni lipi kati ya hayo lilikuwa la kweli.