Hina Haijakauka

...na bado inaita, sasa ni mara ya pili, simu imelala chali mkekani karibu kabisa na goti lake na jina linasomeka wazi, Injinia Akot, na yeye Sumayiya amekaa viganja juu, hina mbichi mpaka karibu na viwiko, na kule miguuni shangazi Kaltumi ndiyo kwanza anamalizia ua la kisigino, ncha ya ulimi imemtoka kama kawaida yake akichora, "Tulia, wewe. Acha ilie. Kama ni yako itarudi," itarudi wapi, yule mama injinia alisema nitakupigia Alhamisi mchana, kazi unaitaka au huitaki, unijibu ndiyo au hapana, Jumatatu gari linaondoka kwenda Kitgum kupima barabara, naye akasema sawa, madamu, akatoka ofisini miguu haigusi ardhi, ardhi ile ile aliyoisomea muhula mzima... na muhula gani ule, asubuhi yuko kwenye matope ya mtaro wa Nateete na chombo cha kupimia begani, wavulana wa kundi lake wako kivulini wanakula chapati na mayai, "Sumayiya anajua, mwache afanye," na jioni anafika Kisugu anavua buti nyuma ya nyumba ili wageni wa upande wa Nasur, mchumba wake, wasimwone alivyochafuka, anaandaa chai, anatabasamu mpaka mashavu yanauma, wakiondoka ndipo anafungua ramani zake, na harusi wakaipanga wiki ile ile ya mitihani, asubuhi karatasi ya mwisho, jioni mahari, na kila aliyeingia akasema mtoto huyu ana bahati, digrii na mume kwa mpigo, bahati, alitamani kuitapika hiyo bahati. Na Nasur si mtu mbaya, hilo ndilo linalomkera zaidi, angekuwa mbaya angemchukia na kazi ikaisha, Nasur alisema kazi utafanya, mpenzi, mama yangu akishazoea... akishazoea lini, hakumuuliza. Simu ikanyamaza. Ikaanza tena, na safari hii shangazi akaona imezidi, akaiokota kwa vidole viwili, akaacha Kinubi akashika Kiswahili chake cha kuokoteza, "Halo? Hapana, madamu, mimi shangazi yake. Yeye hapana weza shika simu, iko na hina, iko naolewa Jumamosi," akicheka, sauti imejaa fahari, "Sisi Wanubi, bibi harusi hapana toka nje hizi siku. Kuja, madamu. Kuja kula na sisi," anamkaribisha mtu asiyemjua hata sura, ndivyo walivyo, sufuria zao hupikia mji mzima, na ile sauti ndogo ndani ya simu ikasema hongera, hongera ilisikika vizuri, kisha ikasema mengine, na shangazi akaitikia ndiyo, ndiyo, akairudisha simu mkekani. "Mama mzuri yule. Anasema sawa, ameelewa, atatafuta mtu mwingine." Akachovya tena kijiti kwenye hina. "Lete mguu huu." Mtu mwingine, mtu mwingine atapanda lile gari, labda mmoja wa wale wala chapati, asiyejua hata kusawazisha chombo, na Sumayiya akaupeleka mguu huku akimchukia shangazi, akamchukia kwa moyo wake wote, huyu aliyemlea tangu mama yake afariki, aliyemwamsha kwa uji kila siku ya mtihani, umeniua, shangazi, umeniua huku unacheka, na mimi ningefanya nini, mikono yangu umeifunga wewe, mikono... mikono ndiyo, mikono imepakwa, lakini mdomo je, mdomo nani aliupaka hina, ilikuwa ni kusema tu niwekee simu sikioni, shangazi, maneno machache, na shangazi angeweka, angeweka bila hata kuuliza, na yeye alikaa hapo akaitazama simu ikilia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akingoja nani aseme, kama alivyongoja kule mtaroni, kama alivyongoja mbele ya mama Nasur, sawa mama, sawa mpenzi, sawa madamu, muhula mzima amekuwa akisema sawa na kuwakasirikia wanaoiamini. Uchungu ukamgeukia yeye mwenyewe, na ukamkaa vizuri kuliko ulivyomkaa shangazi. Lakini leo bado ni Alhamisi, namba bado imo, na atatafuta si sawa na amepata, aseme sasa hivi, kabla ua hili halijaisha, nipigie namba ile, shangazi, nimwambie ndiyo, halafu unipigie na ya Nasur... akaufungua mdomo, na Kaltumi, aliyeinua kichwa wakati huo huo, akaona bibi harusi wake ana njaa masikini na hawezi kujilisha, akachana kipande cha mkate, akakichovya chai, akakitia mdomoni. "Kula, mwanangu." Akaanza kutafuna, upesi, upesi, kabla ua halijaisha.