Sahani ya Theoneste

...na kikapu bado kiko kwa Mzee Projest, mzee wa watu anachagua tunda la kahawa utadhani anachagua mchumba, analitia mdomoni, anatafuna polepole na sisi sote tunamngoja, maana ndio utaratibu wetu kila Jumapili ya mwisho wa mwezi hapa sebuleni kwa Mackrine, ukishika kikapu unatafuna, ukishatafuna unasema siku hizi unasoma kitabu gani na kimekufurahisha nini, na utaratibu huu niliuleta mimi, Mwalimu Evangelina, nani mwingine hapa Kihanga, nilitaka watu wasome, na nilitaka pia, tuseme ukweli, watu wanione nikisoma... ndiyo maana leo nimekuja na kitabu kinene, hiki hapa mapajani, sijavuka ukurasa wa tisa lakini jalada limeshafanya kazi yake, Mackrine aliposema ee Mwalimu, hilo si tofali hilo, nikajifanya kuona haya, haya za uongo, kumbe za kweli zilikuwa njiani... Mzee Projest anasema anasoma habari za kufuga nyuki, amefika kwenye malkia, anasema malkia hana raha yoyote, ni kuzaa tu, watu wanacheka, mimi nacheka nao, lakini jicho langu liko hapa ubavuni, kwa Mukantabana, amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu atakayefukuzwa, kavaa kitenge cha kanisani, na kikapu kikitoka kwa mzee kinakuja kwake, kikitoka kwake kinakuja kwangu.

Kwa nini nilimleta, sikumleta, alijileta, jana alisimama mlangoni akasema Mwalimu, na mimi nina kitabu, nikacheka, nikasema kitabu gani tena Mukantabana, naye akasema kile chetu... kile chetu, Mungu wangu, miaka saba anapalilia migomba yangu, analala kale kanyumba ka nyuma ya shamba, mtu mzima kuliko mimi, nami namwita Mukantabana, Mukantabana, mithili ya mtoto wa darasa la pili, shikamoo yangu hajawahi kuisikia... kilianza jioni moja yeye anamenya ndizi, mimi nasoma nacheka peke yangu, akauliza humo ndani kuna nini, nikamsomea kurasa mbili, basi, kesho yake alikuja kabla ya saa na kisu chake na kigoda, kitabu cha jalada la kijani, habari za mama ambaye mwanawe ameondoka nyumbani, na alikuwa hasikilizi tu, alikuwa anagombana nacho, kisu kinasimama hewani, mwambie asimfungulie huyo mtu mlango, Mwalimu, mwambie, na mimi nasema siwezi kumwambia, imeshaandikwa, na tulicheka, zilikuwa jioni nzuri zile, sijawahi kuwa na msomaji kama yule, na darasani nina watoto sitini na wote wanajua kusoma.

Halafu nikakimaliza peke yangu, shuleni, saa ya mapumziko, sikuweza kungoja, na baada ya hapo kurudi kila jioni kwenye ukurasa wa themanini ikawa adhabu, nikaruka ukurasa mmoja, hakujua, nikaruka miwili, hakujua, angejuaje, haangalii karatasi, anaangalia mdomo wangu, na kulikuwa na utamu hapo, utamu mbaya, wa kujua kwamba naweza... hadi Jumanne ile, rundo la mitihani mezani, kichwa kinagonga, kurasa mia zimebaki na yeye ndiyo kwanza anavuta kigoda, nikasema basi, yule kijana akafa huko ugenini, mama yake akaletewa habari, mwisho, nikafunga kitabu. Akaweka kisu chini. Amekufa? Amekufa. Kitabu kinasema? Kinasema. Hapo, hapo hasa, kabla ya hapo ningeweza kusema uvivu, kichwa, mitihani, lakini alinipa nafasi ya pili mkononi nami nikasema kinasema.

Kesho yake hakushika jembe, wala keshokutwa, nikaenda mlangoni kwake na hasira zangu, Mukantabana, kulikoni, magugu hayakungoji, naye akanijibu taratibu, kuna msiba, Mwalimu, kwenye msiba hatushiki jembe, macho mekundu... nami nikacheka, si pale, nilicheka ofisini kwa walimu, niliwasimulia jamani, mfanyakazi wangu amekaa matanga ya kitabu, tukacheka hadi chai ikapoa, na mcheshi nilikuwa mimi.

"Mbwenu, haya sasa, kikapu kwa mgeni," Mackrine anasema, "karibu mama, usiogope, hapa tuko nyumbani," na mikono ile inakipokea, kucha nyeusi kwa utomvu wa ndizi, ndizi zangu, anachukua tunda moja, hali, analishika tu, anasema, "Mimi sijui kusoma, nasomewa na Mwalimu," na macho yote yananigeukia, yananitazama vizuri mno, Mwinjilisti Nestory anatikisa kichwa kwa furaha, Mzee Projest anasema Mwalimu, Mungu akuzidishie, na mimi naangalia jalada la tofali langu, naangalia sakafu, ningeweza kuingia chini ya zulia la Mackrine ningeingia... na yeye anasimulia, anasimulia kile chetu, mlango, yule mgeni, barua iliyolowa, mambo ambayo mimi mwenyewe nimeshayasahau, na hata nilipokata ameunga mwenyewe, kashona pale nilipopasua, hakuna anayekohoa, hakuna aliyewahi kusikilizwa hivi tangu tuanze, kisha anafika mwisho, mwisho wangu, anasema, "Kijana akafa."

Analigeuza lile tunda kiganjani. "Na mimi nina mtoto, Theoneste. Alikwenda machimboni, huu mwaka wa nane, hana simu, hana salamu. Kila jioni nilikuwa namwekea chakula kwenye sahani yake, nafunika, asubuhi nawapa kuku. Mwalimu aliposoma yule kijana amekufa, nikasema kitabu hiki kimeletwa kwangu. Sahani nimeiosha, nimempa jirani. Simngoji tena." "Amina," anasema Mwinjilisti, na sauti yake imekatika, "huko ndiko kusoma, ndugu zangu," na Mackrine anajifuta kwa ncha ya khanga, na mimi naiona ile sahani, ya bati, nyeupe, ina ua la buluu, nimeipita mara ngapi dirishani kwake imefunikwa na nikadhani ni uchoyo, nikadhani anajifichia kiporo, Evangelina, wewe ni mtu wa namna gani... lakini si amepata amani, simngoji tena, amesema mwenyewe, mtu akishatua mzigo unamtwika wa nini, nyamaza, shika kikapu, sema habari za tofali lako, kila mtu aende nyumbani na baraka zake... ona, ona unavyoruka tena, umefika pagumu unaruka, hujui kama Theoneste yu hai, hakuna anayejua, lakini hilo lilikuwa lake la kungoja au kutongoja, halikuwa lako kulimaliza kwa sababu kichwa kinauma.

Sasa anageuka kwangu, anapasua lile tunda kwa jino, anatoa punje mbili, moja anatia mdomoni mwake na nyingine ananiwekea kiganjani, juu yake anaweka kikapu, na bibi yangu alikuwa akisema walioshiriki tunda moja la kahawa hawasalitiani tena, enzi zao punje zilipakwa damu ya wanaoapishana udugu, hapa hakuna damu, kuna utomvu tu na joto la vidole vyake, naitia mdomoni, chungu, natafuna, na wote wananitazama, Mackrine, Mzee Projest, Mwinjilisti, na aibu imenijaa hadi kwenye masikio, itabidi wasikie wote, maana walimsikia yeye, kitabu kinene kinateleza mapajani kinaanguka chini na siokoti... "Zamu yako, Mwalimu," anasema Mukantabana, "unasoma kitabu gani?" kile chetu, nitasema kile chetu, lakini kabla ya hapo shikamoo, shikamoo Mama Theoneste, miaka saba hiyo, halafu nitasema kuna kurasa sikukusomea, na mwisho ule haumo, niliutunga mimi, kijana hakufa, ukurasa wa mia moja tisini na mbili, naukumbuka neno kwa neno, anakuja usiku na mvua, amekonda, mama yake hamtambui, na hasemi mimi ni mwanao, hasemi nisamehe, anasimama mlangoni anatiririka maji na anauliza kama wamembakizia chakula.